Mbeba Waraka

Pale mtaa wa Ng'ambo, mahali njia ya zamani ya kwenda Ujiji inapokata barabara ya stesheni, palikuwa na duka la cherehani la Abasi, na mbele ya duka hilo ubao wa mninga uliolazwa juu ya mawe mawili. Ubao ule uling'arishwa na makalio ya watu, si na randa. Kila asubuhi Lukumani aliweka jiko lake la makaa mwisho wa ubao, akatenga dele lake la shaba, na kabla kahawa haijatoa harufu wenyewe walikuwa wameshafika. Abasi aliitwa Mkasi, kwa sababu hakuna maneno ya mtu aliyoyaacha yafike mwisho bila kuyakata. Kasimiri, Mkatoliki aliyestaafu kazi ya reli, aliitwa Taa Nyekundu. Miaka ishirini ya kushika taa ile ilimfundisha kuona hatari hata ndani ya salamu. Na Nikolaus, mwalimu wa dini wa misheni, aliitwa Mstari, maana hata ungemwuliza njia ya kwenda sokoni angekujibu kwa mstari wa Biblia. Mwaka wenyewe ulikuwa wa kumi na tano tangu Waingereza watangaze kwamba Tanganyika haina mtumwa tena.

Jumatatu ile Nikolaus alikuja kifua mbele. Jana yake alikuwa amehubiri, na mahubiri yalipokwisha bwana misheni, Mzungu mrefu asiyezoea kusifu, alimshika mkono mbele ya waumini wote akautikisa mara mbili. Somo lilikuwa ule waraka mfupi wa Paulo kwa Filemoni. Bwana misheni mwenyewe ndiye aliyelichagua. Wanaume wengi waliojiandikisha kwenda mashamba ya mkonge huko pwani, wale walioitwa manamba, walikuwa wakitoroka kabla ya mkataba kwisha, na waandikishaji walikuwa wamekwenda kumlalamikia. Nikolaus alilijua hilo. Halikumchoma. Yeye alikuwa akiuwaza ule mkono uliotikiswa.

— Mwalimu Mstari, — Abasi alimpokea, uzi ungali mdomoni, — jana mmeninyima raha. Dirisha la kanisa lenu na dirisha langu yanatazamana kama mtu na mkewe. Nimeyasikia mahubiri yako yote.

— Yalikugusa?

— Yalinikwaruza. Ngoja nikwambie nilivyosikia, unisahihishe. Kuna mtumwa, jina lake Onesimo. Katoroka kwa bwana wake Filemoni. Kaenda mbali, kamkuta Paulo kifungoni. Paulo kampenda, kambatiza. Halafu Paulo huyohuyo kaandika waraka kwa bwana, kampa mtumwa aubebe mwenyewe, kamrudisha alikotoka. Nimekosea?

— Umekata mno, — alisema Nikolaus akipokea kikombe. — Paulo alimwambia Filemoni ampokee mtu yule si kama mtumwa tena, bali kama ndugu mpenzi. Ampokee kama ambavyo angempokea Paulo.

— Alimwambia amwache huru?

Nikolaus alikunywa kwanza.

— Alimwambia zaidi ya hilo. Alisema anajua Filemoni atafanya hata kuliko alivyoombwa.

— Sikukuuliza zaidi. Nimekuuliza hilo.

— Taa nyekundu! — Kasimiri aliinua kidole. — Mtu akikwambia, "najua utafanya kuliko nilivyosema," basi ujue hakusema. Stesheni tulikuwa na mkubwa wa namna hiyo. Magari ya moshi yakigongana, yeye hakusema. Gari likifika salama, yeye alijua.

— Ninyi Wakatoliki mna waraka huohuo, — Nikolaus alimwambia.

— Tunao, lakini Padre hutusomea Kilatini. Kama kuna udanganyifu, sisi angalau hatuuelewi.

Wakacheka. Lukumani alizungusha kashata, akatikisa kichwa kama mtu mwenye siri.

— Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Hiyo inaingiaje hapa? — aliuliza Abasi.

— Paulo alimpa barua badala ya jembe. Ndipo mambo yalipoharibika.

— Lukumani, wewe mimina tu.

Nikolaus alikuwa amezoea kutaniwa. Kwa kawaida alijibu kwa mistari miwili, wa tatu akamalizia na kikombe. Lakini leo alitaka wamwelewe, maana alikuwa ameitayarisha hotuba ile kwa siku tano, na mkewe alikuwa ameisikia hata akaikariri.

— Jamani, fikirini wakati wenyewe, — alisema. — Huyo Paulo ni mfungwa. Ana mnyororo mguuni. Dola ya Warumi imejaa watumwa toka huku hadi huku. Angesema waziwazi "waacheni wote," wangemuua siku ileile. Basi akapita pembeni kwa maneno ya upendo. Tena kuna jambo mnalisahau. Mwisho wa waraka alimwambia Filemoni amtengenezee chumba cha wageni, kwamba anatumaini kwenda. Kwa nini? Akaangalie kwa macho yake jinsi Onesimo alivyopokewa.

Abasi aliacha kushona. Ilikuwa hoja nzuri, na Nikolaus aliiona ikimwingia.

— Alikwenda? — aliuliza Abasi.

— Nani?

— Paulo. Kwenye hicho chumba. Alikwenda?

— Haikuandikwa.

— Basi kitanda kilitandikwa na aliyelala ni panya, — alisema Kasimiri. — Na mimi nina swali. Mwenyewe ulituambia mwezi wa Ramadhani, siku ile Mkasi alikuwa hanywi na sisi tunakunywa mbele yake, kwamba Onesimo hakwenda peke yake. Kulikuwa na mwenzake njiani.

— Tikiko. Ndugu mwaminifu. Alikuwa akipeleka waraka mwingine upande huohuo.

— Ndugu mwaminifu! — Kasimiri aligonga ubao kwa kiganja. — Wenzangu, mimi nimepandisha wafungwa kwenye gari miaka ishirini. Kila mfungwa alikuwa na ndugu mwaminifu mmoja pembeni, amevaa kofia nyekundu na kushika bunduki. Tikiko alikuwa askari.

— Alikuwa mhubiri!

— Siku hizi hawana tofauti kubwa.

Hapo Nikolaus hakucheka. Kasimiri hakumtazama aliposema, na hilo lilimfanya ahisi kwamba neno lile halikutoka kwa bahati mbaya. Aliangalia barabara. Mama mmoja alipita na mzigo wa kuni, akawaamkia, wakaitikia kwa pamoja, "Marahaba," kila mmoja kwa sauti yake.

— Jina Onesimo maana yake nini? — aliuliza Abasi baada ya mama yule kupita.

— Kwa Kiyunani ni mwenye kufaa. Wa manufaa. Paulo hata alilichezea jina hilo. Alisema zamani mtu huyu hakukufaa, Filemoni, lakini sasa anatufaa wewe na mimi.

Abasi aliutoa uzi mdomoni. Alikuwa mtu mwembamba, na alipokasirika alizidi kuwa mwembamba.

— Mwalimu, nisikilize. Kuna mama gani duniani, ameumwa uchungu siku mbili, akaletewa mwanawe, akamtazama usoni akasema, wewe jina lako Kifaa? Hilo si jina la mama. Hilo ni jina la mnunuzi. Kama ng'ombe anavyoitwa Mwekundu. Paulo alimpenda, sawa. Alimwita mwanawe, sawa. Lakini hata yeye hakumwuliza, "Mwanangu, kwenu ulikuwa ukiitwa nani?" Alilichukua jina la mnunuzi akalifanyia utani.

Lukumani alikuwa akimimina, akajikuta amejaza kikombe hadi kikafurika.

Mama yake Nikolaus aliitwa Nyamizi. Jina hilo alipewa hapahapa Unyanyembe na nyumba iliyomnunua. Jina alilotoka nalo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika hakulitamka mbele ya mwanawe hata siku moja. Misheni ilimkomboa kwa doti chache za kitambaa, ikambatiza jina la tatu ambalo hakuna aliyelitumia. Nikolaus alipojua kusoma, angali mtoto, alikuwa akimsomea jioni. Akifika penye zile nyaraka zinazowaambia watumwa wawatii mabwana zao kwa hofu na kutetemeka, mama alikuwa akiinuka kwenda kuangalia moto. Kila mara. Moto wenyewe ulikuwa hauna shida. Kwa miaka thelathini Nikolaus aliamini kwamba mama yake, Mungu amrehemu, hakuwa msikilizaji mzuri.

Alikunywa kahawa ingali ya moto, ikamchoma ulimi, na alishukuru kwamba imemchoma.

— Na wewe Mkasi usijifanye malaika, — alisema Kasimiri, ambaye hakupenda upande mmoja ushinde kwa muda mrefu. — Misafara iliyopita mbele ya ubao huu, na shanga, na pembe, na watu wamefungwa shingo kwa shingo, ilikuwa ikisoma waraka wa Paulo? Walikuwa watu wa dini yako wale.

— Babu yangu alikuwa ndani ya mnyororo, Kasimiri. Hakuushika.

— Na aliyeushika?

— Aliyeushika alikuwa Mwislamu, — alisema Abasi polepole. — Alimnunua babu Ijumaa na Ijumaa iliyofuata wakaswali safu moja. Sikatai. Naye alikuwa na maandiko yake, tena aliyajua kuliko mimi. Mimi ndiyo maana nayatilia shaka. Kila mwenye mtumwa niliyepata kumsikia alikuwa na andiko mfukoni. Sijasikia hata mmoja aliyesema, "Ninamshika mtu huyu kwa sababu nina nguvu na yeye hana." Angalau huyo ningemheshimu.

— Kikulacho ki nguoni mwako, — alisema Lukumani.

— Hiyo sasa imeingia, — alikiri Abasi.

— Nilikuwa nasema juu ya hilo koti unaloshona. Lina kunguni.

Walicheka tena, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Kasimiri alisogeza kiti chake, maana yeye hakukaa ubaoni. Alikuja na kigoda chake kutoka nyumbani akiogopa misumari.

— Mnataka kujua ninavyofikiri mimi? — alisema. — Waraka ule umekatwa. Mwenyewe Mstari anasema ni ukurasa mmoja. Paulo, mtu wa maneno marefu vile, akae kifungoni, mchana kutwa hana kazi, aandike ukurasa mmoja? Kulikuwa na wa pili. Wa pili ulisema, "Na usipomwacha huru, Filemoni, nitakuja na wewe utajua kwa nini nimeomba chumba." Filemoni aliusoma, akauchana, akawashia taa.

— Huna ushahidi, — alisema Nikolaus.

— Ndiyo. Ameshauchoma.

— Mimi nakwenda mbele zaidi, — alisema Abasi. — Onesimo hakutoroka kabisa. Alitumwa na Filemoni ampelekee Paulo chakula kifungoni. Akakawia, akapenda kukaa. Huyo bwana akaona aibu kusema "nilimpa ruhusa," akasema "katoroka." Neno kutoroka ni la bwana siku zote. Aliyeondoka huwa ana neno lake jingine.

Lukumani alifunika dele, akajifuta mikono kwenye msuli. Alikuwa mtu asiyejua kusoma hata jina lake, na labda kwa sababu hiyo hakuogopa maandishi.

— Ninyi nyote mmepotea, — alisema. — Waraka ule Paulo hakuuandika.

— Toba! — alisema Nikolaus.

— Subiri, Mwalimu. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Sasa jiulizeni. Waraka ulipelekwa kwa nani? Kwa Filemoni. Ulikaa nyumbani kwa nani? Kwa Filemoni. Nani aliyeutunza mpaka ukaingia kitabuni? Huyohuyo. Na ulisomwa wapi? Mstari alisema jana, ulisomwa mbele ya kusanyiko lililokutana nyumbani kwa Filemoni. Na kwenye kusanyiko hilo nyuma kabisa, karibu na mlango, wamekaa kina nani? Watumwa wengine wa Filemoni! Wanasikiliza. Wanasikia kwamba hata mtume, hata mtu mtakatifu aliye kifungoni, akimpata mtoro humrudisha. Basi mimi nasema aliyeuandika ni Filemoni mwenyewe. Akaweka jina la Paulo juu, maana Paulo yuko mbali, amefungwa, hawezi kukataa. Paka akiondoka panya hutawala.

Hakuna aliyemwambia kwamba methali imekosea. Abasi alimtazama muuza kahawa kama aliyemwona leo.

— Hiyo ni kufuru, — alisema Nikolaus, na sauti yake ilitoka kali kuliko alivyokusudia. — Wazee wa kanisa waliukubali waraka huo tangu zamani. Wasomi wakubwa wa Ulaya, hata wale wasiosadiki chochote, wanakubali kwamba ni mkono wa Paulo. Huwezi kukaa na dele lako ukafuta kazi ya watu miaka elfu mbili!

— Mimi sifuti, Mwalimu. Mimi nauliza nani alifaidika.

— Walifaidika waliosadiki!

— Jana walikuwa wamekaa wapi, Mwalimu, hao waliotakiwa kusikia? — aliuliza Kasimiri kwa upole. — Karibu na mlango?

Nikolaus aliinuka ajibu, na akiwa amesimama hivyo alimwona mtu anakuja kutoka upande wa kanisa, na fimbo begani yenye furushi dogo. Alimtambua kwa mwendo, maana alichechemea kidogo mguu wa kushoto.

Mtu yule aliitwa Shilinde, mwenyeji wa Kigwa, umri wake labda miaka thelathini. Miezi miwili nyuma alikuwa ameliacha shamba la mkonge kabla ya mkataba kwisha, baada ya kupata habari kwamba baba yake yu mahututi na nyapara kumkatalia ruhusa mara tatu. Alipofika Kigwa alikuta kaburi limeshapandwa miiba kuzuia fisi. Tangu hapo alikuwa akijificha kwa ndugu hapa mjini. Jana, mahubiri yalipokwisha, alikuwa amemfuata Nikolaus mlango wa nyuma, akalia, akasema amekubali kurudi. Nikolaus alimpeleka kwa bwana misheni akiwa na furaha kama mvuvi aliyepata. Bwana misheni aliketi palepale akaandika barua.

— Mwangaluka, wazee, — alisema Shilinde, akajikumbuka akaongeza Kiswahili cha mjini. — Shikamooni.

— Marahaba, — waliitikia.

— Kaa, kijana, unywe, — alisema Lukumani.

— Ahsante, mzee, nitasimama. Gari la pwani ni mchana. — Alitoa bahasha kifuani, akaishika kwa ncha za vidole kama kitu kinachoweza kuchafuka. — Mwalimu, nimepita kukuaga. Barua ni hii. Bwana misheni kasema nimpe bwana shamba mkononi, nisimpe nyapara.

— Imeandikwa nini? — aliuliza Kasimiri upesi.

— Sijui, mzee. Imefungwa. Na ni Kizungu.

Abasi na Kasimiri walitazamana. Nikolaus aliona kutazamana kule, akatamani ardhi immeze.

— Nina swali dogo, Mwalimu, kabla sijaenda, — alisema Shilinde. — Usiku sikulala vizuri. Si kwamba nimegeuka. Neno la mtu mzima ni neno. Lakini yule Onesimo. Alipofika kwa bwana wake, alifanywa nini?

Makaa yalilia chini ya dele.

— Padre wetu alisema baadaye alikuwa askofu, — alisema Kasimiri, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakusikika kama mtu mwenye shaka. Alisikika kama anayetaka jambo liwe kweli.

— Huyohuyo, au mwingine mwenye jina hilo? — aliuliza Abasi kwa sauti ya chini. — Watumwa wangapi waliitwa Kifaa?

— Mimi sitaki uaskofu, wazee wangu, — alisema Shilinde. — Mimi nauliza siku ile. Siku ya kwanza. Amefika mlangoni, amebisha, ametoa waraka. Bwana ameusoma. Halafu?

Nikolaus alitoa Agano Jipya mfukoni. Hakuwa na haja; alijua. Lakini alifungua, akatafuta, akapata ule ukurasa mmoja, akaupitisha kidole hadi chini, salamu ya mwisho, amina. Akaugeuza. Upande wa pili ulianza waraka mwingine, kwa Waebrania, watu wengine kabisa na mambo yao.

— Haikuandikwa, — alisema.

Shilinde alimtazama bila hasira. Alikuwa amechanganyikiwa tu, kama mtu aliyeuliza njia akaambiwa njia haipo.

— Lakini jana ulisema, Mwalimu. Ulisema Filemoni alimwona kwa mbali, akatoka mbio, akaangusha kiatu. Akamkumbatia. Akaamuru achinjwe mbuzi, akamnawisha mikono yeye mwenyewe. Mimi hapo ndipo nilipolia. Nilisema, kama ndivyo, na mimi nitakwenda. Hilo ulilisoma wapi?

Nikolaus alikitoa kidole kwenye ukurasa.

— Sikulisoma. Nililitia mwenyewe.

— Ulilitia?

— Habari haikuwa na mwisho. Nikaona watu hawatarudi nyumbani na habari isiyo na mwisho. Nikatia.

Alitarajia Abasi akate. Abasi hakukata. Kasimiri alikuwa akiangalia vidole vya miguu yake. Nikolaus alifikiri juu ya mama yake anayeinuka kwenda kuangalia moto usio na shida, na akaelewa kwamba mama aliijua siku ile ya kwanza, siku mtu anaporudishwa mlangoni na waraka au na kamba. Alikuwa ameiona, pengine imempata mwenyewe. Mwanawe hakumwuliza hata mara moja. Alikuwa akimsomea tu.

— Huko shambani, — alisema hatimaye, — wakirudishwa watoro, unajua hufanywa nini?

— Najua wale wawili niliowaona, — alisema Shilinde. Alihamisha uzito kutoka mguu wa kushoto kwenda wa kulia.

— Nipe hiyo barua.

— Mwalimu, bwana misheni kasema mkononi kwa...

— Nipe, mwanangu. — Aliipokea, akaiweka ndani ya Agano Jipya, akalifunga. — Paulo alikuwa na mnyororo mguuni, hakuweza kwenda naye. Ndivyo nilivyomtetea hapa asubuhi nzima. Mimi mguuni sina kitu. Twende kwa bwana misheni, sisi wawili, sasa hivi.

— Mwalimu, fikiri kwanza, — alisema Kasimiri. — Utakula nini?

Walikwenda, Shilinde nyuma hatua moja kwa heshima, Nikolaus akimvuta mkono waende sawa.

Walimkuta bwana misheni kwenye baraza ya nyumba yake. Nikolaus aliweka bahasha juu ya meza, akasema mtu huyu haendi. Bwana misheni hakuwa mtu mbaya, alishangaa kweli. Alivua miwani yake.

— Nikolaus, barua inaomba ahurumiwe. Nimeandika vizuri. Unadhani bwana shamba atamdhuru?

— Sijui, bwana.

— Basi kama hujui?

— Ndiyo maana haendi.

Jumapili iliyofuata alihubiri mtu mwingine. Nikolaus aliambiwa apumzike kuhubiri mpaka shauri lake liamuliwe, na kwa kadiri watu wa Ng'ambo wanavyojua halikuamuliwa kamwe. Aliendelea kufundisha watoto kusoma, na mkewe akaongeza shamba la karanga. Shilinde alirudi kwao Kigwa, akakaa wiki tatu kabla tarishi wa boma hajamfikia. Alishtakiwa kwa kuvunja mkataba. Nikolaus alikwenda naye, akasimama mahakamani hapahapa mjini akaeleza habari ya baba aliyekufa na ruhusa iliyokataliwa mara tatu, na hakimu alisikiliza mpaka mwisho, akaandika, akampa Shilinde mwezi mmoja. Mwezi huo Nikolaus alikwenda gerezani kila Jumapili na ugali na mlenda, saa ileile kengele ya kanisa ikilia.

Alirudi ubaoni baadaye, akakaa pale pale. Lukumani alimmiminia bila methali yoyote. Abasi alikata uzi, akakata tena mahali pasipo na uzi.

— Mwalimu, usinichukie, — alisema. — Mwezi mzima amevunja mawe. Pengine bwana shamba angemsamehe. Hujajuta?

— Pengine angemsamehe, — alisema Nikolaus. — Nimejiuliza hilo kila siku ya mwezi ule.

— Na?

— Alivunja mawe siku thelathini. Alipata kikohozi. Alitoka Ijumaa asubuhi, mimi nikiwa mlangoni, tukapanda gari pamoja hadi Kigwa, akaenda kaburini kwa baba yake, halafu akaomba jembe. — Alishika kikombe kwa mikono miwili. — Hicho ndicho alichofanywa, Mkasi. Mkiulizwa, mwambieni anayeuliza. Msitie kitu.